Dole Gumba Katika Mfereji wa Tatu

Mtu akiniudhi kisha akasema, "Ah, mzee, utani tu," huwa nainuka na kuondoka bila kuaga. Wanangu wanasema uzee umenifanya mkali. Si uzee. Ukali huu nilifundishwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mtani wangu.

Mimi ni Mgogo wa Nzuguni, yeye alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Dodoma kutafuta maisha, na makabila haya mawili yanataniana tangu enzi za misafara. Babu zake walipita nchini kwetu na mizigo vichwani wakielekea pwani, na babu zetu wakawatoza hongo ya njia na ya maji, maana kwetu maji yalikuwa ya kutafuta tangu zamani hizo. Ugomvi ule ukageuka mzaha. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukifiwa, anakuja kukuchekesha katikati ya kilio, na akibeba kitu chako msibani huna la kufanya ila kumfuata baadaye kukikomboa, kwa kuku au kwa pombe. Sheria yenyewe ni moja tu: ukicheka, umekubali.

Siku hizo nilikuwa nimetoka kazini, na kutoka kwenyewe kulikuwa kwa aibu. Niliendesha mashine ya kudurufu katika ofisi moja mjini. Ilipoingia enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yalijaa sabuni na ofisi zikaanza kupungua watu. Wiki moja bosi akaniletea barua ya kudurufu, nakala nyingi, nafasi ya jina imeachwa tupu. Nilizidurufu vizuri, nikazipanga, nikazifunga kwa uzi. Ijumaa nikapewa moja yenye jina langu. Barua ya kuniondoa niliitoa mimi mwenyewe mashineni, na wino wake ulikuwa bado kwenye kucha zangu. Nilipoondoka nilibeba bunda la karatasi za kaboni zilizokwisha kutumika, zile za zambarau. Sikujua nitazifanyia nini. Niliona tu siwezi kutoka mikono mitupu.

Nikarudi kwa mama Nzuguni, ambako wakati ule kulikuwa bado shamba kuliko mji, nikaanza kwenda kuvua Hombolo kwa baiskeli. Bwawa la Hombolo lina perege na kambale, na samaki walikuwepo. Kilichokosekana ni chambo. Mvua zikikatika kwetu, ardhi inakuwa ngumu hadi jembe linaruka na kukurudia usoni. Unachimba kutwa hupati nyungunyungu hata mmoja. Watu walivulia matumbo ya kuku, donge la ugali, wengine kipande cha sabuni ya kufulia. Kambale anapenda sabuni, usiniulize kwa nini. Lakini sabuni inayeyuka, ugali unamomonyoka, na mtu unajikuta umekaa juani kutwa nzima na ndoana tupu majini.

Mtani wangu aliuza mitumba sokoni na alipanga chumba mtaa wa Kikuyu. Tulijuana kwa matusi. Mara ya kwanza kupita mbele ya meza yake aliniuliza kabila langu, nikamtajia, akapiga makofi: "Afadhali! Nilikuwa nasema huyu ombaomba anatafuta nini kwangu!" Nikamwambia Mnyamwezi bila mzigo kichwani huwa anapata homa. Tukawa marafiki siku hiyohiyo.

Siku moja akafungua robota la nguo akakuta koti la ajabu, halina mikono, lina mifuko kila mahali hadi mgongoni. Katika mfuko mmoja mlikuwa na vitu viwili laini vya rangi ya zambarau, virefu kama kidole cha shahada, vinateleza. Akasema ni peremende. Akatia kimoja mdomoni akauma.

"Ulaya wanakula mipira," akasema, huku anatema.

Mimi nilikitazama kile kilichobaki. Nikakitikisa, kikajinyonganyonga. "Mtani," nikamwambia, "huyu ni mnyoo."

Tulikwenda naye Hombolo Jumapili iliyofuata. Nilikichoma kwenye ndoana, nikatupa, nikavuta polepole, na kabla jua halijawa kali nikawa nimetoa kambale wawili kwa mnyoo uleule, ambao haukuyeyuka wala kumomonyoka. Mtani alicheka mpaka akakaa chini. Tukaufungua ule mnyoo kwenye ndoana kwa uangalifu, tukaufunga kwenye kitambaa. Njia nzima ya kurudi tulikuwa tunazungumzia plastiki.

Plastiki ilikuwepo. Watoto wote walivaa viatu vile laini vya plastiki, yeboyebo, na vikikatika vilitupwa jalalani. Kilichotakiwa ni kalibu, yaani udongo wenye umbo la mnyoo ndani yake ambamo plastiki iliyoyeyuka ingemiminwa. Na hapo ndipo alipoingia mama.

Mama alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake na mitungi yake vilijulikana hadi Ihumwa, lakini kipindi hicho vilikuwa vimepangwa ukutani vinakula vumbi, maana ndoo za plastiki zilikuwa zimeingia kwa wingi na hakuna binti aliyetaka tena kubeba mtungi. Tulipomweleza shida yetu alitutazama mmoja mmoja.

"Plastiki hiyohiyo iliyonifukuzia wateja," akasema, "leo mnataka niijengee nyumba?"

"Ijengee, mchumba wangu," mtani akamjibu. Alimwita mama mchumba tangu siku ya kwanza, na mama alimwita punda. "Ukiijengea nitakuoa kwa ng'ombe, si kwa maneno."

"Punda ana ng'ombe?" mama akauliza, na tayari alikuwa anaponda udongo.

Alifinyanga kibamba kinene kama tofali dogo, akaukandamiza mnyoo wa Ulaya ndani yake mara tano, sambamba, ikawa mifereji mitano. Akailainisha kingo kwa kipande cha kibuyu. Alipokinyanyua kibamba kukiweka kivulini, dole gumba lake likateleza likazama kwenye ncha ya mfereji wa tatu, pale penye mkia. Nikamwambia, mama, umeharibu, pasawazishe. Akapatazama.

"Acha," akasema. "Nimefinyanga miaka yote hii, vyungu vyote nimevifuta mikono yangu. Kimoja kibaki nayo."

Alikichoma uani kwa mavi ya ng'ombe na kuni kavu. Kilitoka chekundu, hakina ufa. Nami nikatambua jambo ambalo sikulitarajia. Kwenye udongo, alama ya mama ilikuwa shimo. Lakini plastiki ilipomiminwa ikapoa, lile shimo lilitoka kwa nje, na kila mnyoo wa mfereji wa tatu ulikuwa na dole gumba mkiani, dogo la mviringo, mpaka ile michirizi myembamba ya ngozi ilionekana. Ukiugusa, unagusa dole la mama. Mama alicheka akasema sasa amekuwa chambo.

Kazi yenyewe ilitaka subira ambayo mimi ninayo na mtani hakuwa nayo. Tulifanya asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka, nje kabisa, nikiwa nimekaa upande unakotoka upepo, kwa sababu moshi wa plastiki ni mchungu na unachoma macho. Nilikatakata viatu vipande vidogo kama nyama ya sambusa, nikavitia kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa mchache. Moto ukizidi, plastiki inageuka kahawia, kisha inaungua, na huna tena mnyoo, una makaa. Ikianza kulegea unaongeza mafuta. Tulijaribu mafuta ya kupikia, yakakataa kuchanganyika. Tukajaribu mafuta ya taa, nusura tuteketeze ua. Mama akaleta mafuta yake ya nyonyo, yale ya kujipaka, akamimina kidogo bila kutuuliza. Yakakubali. Ukizidisha, mnyoo unatoka jasho la mafuta siku ya pili. Ukipunguza, unakuwa mgumu kama kiatu ulichotoka. Mama alikuwa anakadiria kwa macho, nami nikajifunza kwa kumtazama. Kalibu nayo ilipakwa nyonyo kabla ya kila mmimino ili plastiki isinate, hivyo kadiri siku zilivyokwenda udongo ule ulikunywa mafuta ukawa unang'aa.

Rangi ilikuwa yangu. Hilo nataka lieleweke. Viatu vilikuwa na rangi zao, lakini ukichanganya chekundu na cha kijani unapata rangi ya tope. Hapo nikakumbuka bunda langu la kaboni. Nilichemsha zile karatasi katika mafuta ya nyonyo, nikazichuja kwa kitambaa, nikapata mafuta ya zambarau iliyokolea. Tone moja linatosha sufuria. Kwa mnyoo mweusi nilitumia masizi ya taa. Kwa wekundu, rangi ya unga wanayotia akina mama kwenye ukili wa mikeka, lakini ile ilitaka kusagwa na mafuta kwanza kwa muda mrefu, la sivyo inabaki punje punje. Asubuhi maji yakiwa na tope, mweusi ndiye anayevua. Jua likipanda, zambarau. Mwishoni, kabla haijaganda, nanyunyiza unga wa dagaa kwa harufu. Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu tu. Mtani aliuza, mimi nilipika. Aliitundika minyoo yetu kwenye kamba juu ya mashati, imebanwa kwa vibanio vya nguo, na wavuvi walikuja hadi kutoka Mtera.

Wengi waliuliza ule uvimbe mkiani ni wa nini. Kama nipo nilisema, "Huyo ni mama yangu." Walicheka, wakanunua. Wapo walioapa kwamba wa dole ndio unaovua zaidi. Haukuvua zaidi, lakini mvuvi humbishii imani yake.

Mama alifariki kiangazi cha pili. Aliugua siku chache, na nilikuwa naamini atapona hadi asubuhi ile aliyokataa uji. Tulimzika hapohapo Nzuguni, kaburi la udongo na mawe, kama wengi.

Watani walikuja, kama inavyotakiwa. Siku ya kuanua matanga mmoja alivaa sketi ya mama, mwingine akalala mlangoni akidai amekuja kurithi. Mtani wangu akaingia ndani. Akatoka na kalibu ameiviringisha kwenye khanga ya mama, ameiweka kichwani, anatembea kwa kunyata huku akihema kama mpagazi wa zamani.

"Babu zangu walilipa hongo kwa maji yenu ya chumvi!" akapaza sauti. "Leo nachukua chenji!"

Akazunguka ua mara tatu. Shangazi zangu walijishika mbavu. Nami nikacheka. Lazima niseme ukweli, lilikuwa cheko langu la kwanza tangu mazishi, lilitoka tumboni likaja na machozi, na moyoni nilimshukuru sana yule mtu.

Kabla hajaondoka alinikalisha pembeni. "Mtani, wewe una msiba, huwezi kukaa motoni," akasema. "Wateja watatuponyoka. Nielekeze rangi, nishikilie mpaka utulie."

Nikamweleza. Kaboni, masizi, rangi ya ukili, kipimo cha nyonyo, saa ya kutia dagaa. Nikamgawia nusu ya bunda. Alisikiliza kwa makini, na mara mbili aliniomba nirudie. Ni huruma gani niliyoiona machoni pake siku ile, sijui.

Baada ya majuma mawili nilibeba jogoo nikaenda Kikuyu kukomboa kalibu. Alinipokea kwa vigelegele. "Mbukwenyi!" akanisalimia kwa Kigogo chake kibovu. Akampima jogoo mkononi. "Huyu amekonda kama mwenyewe. Huyu ni wa kitoweo tu, wa ukombozi lete mbuzi." Tukamla jogoo pamoja. Nilicheka. Nilirudi mwezi uliofuata na beberu, akasema beberu ananuka, lakini atamtunza mpaka aache kunuka, na kalibu ameihifadhi kwa mtu. Nilicheka tena, ingawa mara hii cheko lilikuwa fupi. Mara ya tatu nilikwenda mikono mitupu nikamwambia nataka kitu cha mama. Akanipiga bega: "Mtani wangu unakasirika? Mgogo gani wewe?"

Kisha siku moja Hombolo nikamwona mvuvi nisiyemjua anafungua mkebe, na ndani yake mmejaa minyoo ya zambarau. Mimi nilikuwa sijamimina hata mmoja tangu mama afariki. Nikamwomba nitazame. Niligeuza mmoja, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne nikakuta dole.

"Umeupata wapi?"

"Sokoni, kwa yule wa mitumba. Anayo ya kumwaga. Anapeleka mpaka Mpwapwa."

Niliushika ule mkia kwa vidole viwili. Mama yangu alikuwa anauzwa rejareja na mtu aliyemwita mchumba, na mimi nilikuwa nalipwa kwa vichekesho.

Nilikwenda kwa mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyebaki wa kumlalamikia. Alikuwa anabangua karanga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alipoibeba, kulikuwa na watu?"

"Wengi."

"Ulicheka?"

"Nilicheka, mjomba."

Akapuliza maganda. "Basi," akasema. "Hakuna baraza la kesi ya utani. Ukimshtaki watu watakucheka wewe."

Nilimfuata mtani sokoni hata hivyo. Sikupiga kelele. Nilimwambia tu mbele ya meza yake kwamba anajua anachokifanya. Akawageukia wenzake wa mitumba, akawaambia, "Mnamsikia Mgogo? Babu zake walitoza msafara mzima, yeye analilia tofali!" Soko zima likacheka. Nikaondoka nikiwa nimevuliwa nguo, na aliyenivua hakuwa na kosa.

Niliacha kuvua. Nikapata kibarua cha ulinzi wa mchana katika ghala moja. Kitu kimoja kilinisumbua miaka yote ile, na si riziki. Nilitaka kujua. Je, aliiba, au kweli kwake ulikuwa utani, na mimi ndiye sikuelewa mpaka wa utani uko wapi? Kuna siku nilimtetea moyoni. Nilisikia pia kwamba minyoo yake siku hizi haina uvimbe, mkia ni laini kabisa. Nikawaza: ameona aibu, ametengeneza kalibu nyingine, ya mama ameiweka. Wazo hilo lilinipa unafuu, nikalishika.

Ikapita miaka. Minyoo ya dukani ikaanza kuingia kutoka nje, imefungwa kwenye karatasi za kung'aa, biashara ile ikafa yenyewe. Kisha nikaletewa habari: baba wa mtani, mzee aliyekuwa akiishi naye Kikuyu, amefariki, na watani wanahitajika.

Ningeweza kukataa. Nilivaa kofia nikaenda. Siku ya kuanua matanga zamu ilikuwa yetu Wagogo, nasi tuliifanya barabara. Nililia kwa sauti ya mbuzi. Nilidai mzee amekufa na deni la maji. Watu wakaanza kushika mbavu, na mtani mwenyewe alicheka, amejifunga shuka, macho mekundu. Hapo nikaingia ndani. Chumba cha nyuma kilikuwa na marobota ya mitumba yasiyouzika. Nililiinua la juu, la pili, na nyuma yake nikaiona khanga ya mama. Sikuhitaji kuifungua kujua uzito wake.

Nikaiweka kichwani. Nikatoka kwa kunyata, nahema kama mpagazi, naimba kwamba msafara umerudi na mzigo umepata mwenyewe. Ua mzima ulilipuka. Nikazunguka mara moja. Nikazunguka mara ya pili, nikamtazama mfiwa.

Hakuwa anacheka.

"Weka chini," akasema.

Watu walidhani naye anafanya mzaha. "Mfiwa, cheka!" wakampigia kelele. "Mtani hakasiriki! Cheka!"

"Chukua kitu kingine," akaniambia. Alikuwa amesimama. "Chukua baiskeli, mtani. Ile pale, chukua."

Nilishangaa. Mtu anaikatalia kalibu ya biashara iliyokufa na anatoa baiskeli? Nikaishusha, nikaifungua khanga kidogo, nikaingiza dole langu kwenye ncha ya mfereji wa tatu, kama nilivyokuwa nikifanya kila nilipoipaka nyonyo.

Palikuwa pameziba. Saruji, imesawazishwa kwa msasa, laini kama kaburi la tajiri. Kaburi la mama lilikuwa bado la udongo na mawe. Saruji ya kwanza aliyopata mama ilikuwa ile.

Hakukuwa na kalibu nyingine. Ilikuwa hiihii, miaka yote.

Alinifuata hadi kwenye lango, akasema kwa sauti ya chini, "Wateja walikuwa wanauliza ile ni nini."

"Ukawajibu nini?"

"Kasoro." Alitazama chini. "Sasa ningesemaje?"

Nilikuwa na jibu lake tangu zamani, maneno manne. Yeye mwenyewe alinisikia nikiyasema siku nyingi mbele ya meza yake. Sikuyarudia. Nyuma yetu watu walikuwa bado wanapiga makofi, "Mfiwa, cheka!" na yeye akageuka, akawapa cheko lao, kubwa, la kulazimisha. Wakashangilia. Kwa sheria yetu amecheka, amekubali, kalibu ni yangu na hakuna kesi.

Nami nikapata nilichotaka kujua. Mtu anayetania haogopi alama. Anayeziba alama anajua ameiba. Ningekuwa na akili ningebaki na lile wazo langu la aibu yake, lilikuwa linanitosha.

Nyumbani nilikaa uani na msumari nikaanza kuichokonoa ile saruji. Nilitegemea udongo ungebomoka. Lakini nyonyo iliyokuwa imelowea mle ndani miaka yote haikuiruhusu saruji ishike. Ilichezacheza, kisha ikachomoka nzima, kipande kidogo kama punje ya harage. Shimoni michirizi ilikuwa imekwisha, udongo wake umesagwa na saruji ile ngumu ilipochezacheza. Nikakigeuza kile kipande kiganjani. Upande wa chini, ule uliokuwa umelala ndani ya alama siku ilipozibwa, lilikuwepo dole gumba la mama, michirizi yote, kavu, la kijivu.

Ninalo mpaka sasa, ndani ya mkebe, na sijamwonyesha mtu nje ya nyumba hii. Minyoo niliyoimimina mimi kwa upendo wote iliuzwa, ikakatika, ikaliwa, sikuweka hata mmoja. Kitu pekee chenye alama ya mkono wa mama kilichonibakia alikitengeneza yule mtu siku aliyokuwa anaifuta. Hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe.

Huwa tunakutana mjini. Ananiita mtani kutoka ng'ambo ya barabara, kwa furaha kabisa, na mimi namwitikia.